Hii Gikomba Imeoshwa na Nani?

Fundi wa cherehani alikuwa amemaliza kazi iliyomleta. Manyoya ya uzi yaliyoshindiliana chini ya meno ya mashine yalikuwa yametolewa, bobini ilikuwa imerudi mahali pake, na mafuta yaliyozidi yalikuwa yamefutwa. Badala ya kufunga mkoba wake wa vifaa, alisimama mbele ya ukuta nilikotundika kwilti yangu kubwa kuliko zote, picha iliyoshonwa kwa vipande vya vitambaa, akaitazama kwa utulivu ambao wageni wangu wengi hawana.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Ni Gikomba, mzee. Ukiitazama kutoka ng'ambo ya mto."

Alisogea karibu, akapitisha kidole juu ya paa moja la rangi ya feruzi, kisha akacheka kidogo. "Hii Gikomba imeoshwa na nani?"

Alipokea malipo yake, akaaga, akaenda zake.

Sikulipenda swali lake, na mwanzoni nilijiambia kwamba mzee huyo anajua mashine, hajui picha. Lakini wiki zilipita, na kila nilipokatiza mbele ya ukuta ule jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye lile paa. Mapaa ya Gikomba, soko la mitumba hapa Nairobi, ninayajua. Ni mabati yaliyoliwa na kutu, yaliyozibwa kwa mabati mengine, yaliyowekewa mawe na matairi ili upepo usiyang'oe, na juu yake limelala vumbi la mji pamoja na masizi ya moto ambao soko hilo limeuona mara nyingi mno. Feruzi safi kama ile haipo. Nilikuwa nimeiweka pale kwa makusudi, na watu waliokuja kuitazama waliisifu. Kilichonikosesha raha ni kutojua kama makusudi hayo yalikuwa yangu au yalikuwa ya rangi yenyewe.

Rangi kama inavyotoka mkebeni

Sisi tunaotia rangi vitambaa vya pamba kwa mikono tunategemea zaidi aina moja ya rangi, zile zinazojifunga kikemikali na nyuzi za pamba badala ya kukaa juu yake tu. Kampuni ya Uingereza ya ICI ilizileta sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion, na sifa yake kubwa kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani ni kwamba hazihitaji kuchemshwa. Pamba huloweshwa katika maji yenye magadi, rangi ikamiminwa juu yake, kitambaa kikafunikwa kwa plastiki kisikauke, na kufikia kesho yake kinachobaki ni kusuuza. Rangi iliyoshika haichuji tena. Ile isiyoshika ndiyo inayotoka, kwanza kwa maji baridi, halafu kwa maji ya moto na sabuni, mpaka maji yawe meupe.

Rangi hizo ni safi kupita kiasi. Unga wa manjano ya limau, wa fuksia (waridi kali) au wa feruzi ukikorogwa na maji hutoa ukali ambao hauna mfano wake mtaani, labda kwenye matatu mpya siku ya kwanza barabarani. (Unga huo haufai kuvutwa puani, barakoa ni lazima, na sufuria ya rangi isirudi tena jikoni.) Kitambaa hutoka beseni kiking'aa, na hata aliyezoea kazi husita kukitia mkasi.

Nadhani hapo ndipo kwilti nyingi za picha huamuliwa, kabla hata mchoro haujachorwa. Mtu huanza na kitambaa kilichotoka vizuri, kisha hukitafutia mahali pa kukaa ndani ya picha. Paa langu la feruzi lilizaliwa hivyo: kitambaa kilikuwepo kwanza, nyumba ikafuata.

Kumpinga fundi kwa haki

Hata hivyo, sikutaka kumkubalia kwa urahisi, kwa sababu hoja yake inaweza kujibiwa, na waliokwisha kuijibu wananizidi kwa mbali.

Mmoja ni Bisa Butler, Mmarekani mwenye asili ya Ghana kwa upande wa baba, ambaye hushona picha za watu weusi akianzia kwenye fotografia za zamani. Wengi wao huwafanya kwa kimo cha mtu halisi. Hutumia vitenge, hariri, mahameli na lesi, na nyuso anazozishona huwa na majenta, bluu, machungwa na zambarau. Taasisi ya Sanaa ya Chicago ilipoonyesha kazi zake kuanzia mwaka 2020, nadhani hakuna aliyesimama mbele ya shavu la zambarau akauliza ni nani aliyelipaka. Rangi pale haidai kufanana na ngozi, bali inasema mtu huyo ni nani, au anahisi nini.

Mwingine ni Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Kwilti zake mbili zimebaki hadi leo, moja ikiwa Washington katika jumba la makumbusho la Smithsonian, na nyingine Boston. Hiyo ya Boston ina vyumba kumi na vitano vya picha, na pamoja na visa vya Biblia ameweka habari za anga: siku ya giza ya mwaka 1780, mchana ulipogeuka usiku kaskazini-mashariki mwa Marekani, na usiku wa mwaka 1833 vimondo vilipoanguka kwa wingi hadi watu wakadhani dunia imefika mwisho. Vyote viwili vilitokea kabla hajazaliwa. Alishona alichosimuliwa, kwa maumbo machache aliyoyakata kwa mkasi, watu na wanyama na nyota, na picha inashika mtazamaji bila kuiga anga ya mahali popote.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimfikirie mama huyo kila ninapofungua jora jipya. Kitambaa kipya ninachotia rangi ni amerikani, ile pamba nyeupe isiyong'arishwa ambayo mama zetu walishonea foronya. Katika karne ya 19 kilifika Zanzibar kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na kikapelekwa bara na misafara kama fedha ya kubadilishana. Viwanda vilivyokifuma vilitumia pamba iliyolimwa na watumwa kusini mwa Marekani, katika majimbo kama lile Powers alimozaliwa. Hilo halinifundishi namna ya kushona paa, lakini linanizuia kukiona kitambaa hicho kama karatasi tupu inayongoja nijaze chochote.

Basi Butler na Powers wako upande wangu. Kwilti haina wajibu wa kufanana na mahali.

Ila nilipozidi kumtazama Butler, utetezi wangu ulianza kulegea. Zambarau yake imechaguliwa. Mwanga unapogonga paji la uso, yeye huweka rangi nyepesi. Chini ya kidevu huweka nzito. Na iwapo ameacha rangi ya kawaida, kila mtazamaji anajua ameacha kitu gani. Kwenye Gikomba yangu hakuna anayeweza kujua nimeacha nini, kwa kuwa picha haionyeshi kama niliwahi kuwa nacho. Kijivu na kutu havikuwamo hata kwenye rafu yangu ya vitambaa. Mtu hawezi kudai ameikataa rangi ambayo hajawahi kuitengeneza.

Magadi na baridi ya Julai

Nikaanza kutafuta vumbi.

Kwa nadharia ni kazi rahisi. Rangi yoyote hupoozwa kwa kuitia tone la ile inayokabiliana nayo: nyekundu kwa kijani, zambarau kwa manjano. Zile tatu za msingi, kwangu manjano, fuksia na feruzi, zikikutana kwa kipimo kizuri, huzaa kahawia, rangi ya udongo, au kijivu. Kwenye chupa hilo hutokea kweli. Kwenye kitambaa kila rangi hurudia tabia yake. Fuksia hushika pamba mara tu inapoigusa, kwa hiyo hubaki ilipomiminwa. Feruzi huchelewa kushika. Hutaka muda na hutaka joto, na kabla haijatulia huwa imesafiri hadi kwenye kingo.

Joto ndilo tusilokuwa nalo mwezi wa Julai. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika majira hayo mawingu huweza kukaa juu ya jiji kutwa nzima, na chumba changu cha kazi kikabaki na ubaridi wa asubuhi mpaka jioni. Rangi hizi hufanya kazi vizuri joto likizidi nyuzi 21 hivi. Chini ya hapo hazigomi, lakini huenda polepole, na iliyochelewa kuliko zote ni feruzi.

Na magadi yenyewe yanatoka kwenye joto kali. Ziwa Magadi liko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kusini-magharibi mwa Nairobi, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, takriban mita 600 tu juu ya bahari, na magadi yamechimbwa huko kwa biashara tangu miaka ya 1910. Watu huniuliza kama magadi ya kulainishia githeri yanaweza kutumika. Yale ya jikoni ni mchanganyiko wa chumvi mbili, moja kali na nyingine dhaifu, na ile dhaifu huyapunguzia maji nguvu ambayo rangi inaihitaji ili ishike. Kiwandani huchomwa, gesi ikatoka, ikabaki ile kali peke yake. Hiyo ndiyo ninayotumia, vijiko vikubwa viwili hivi kwa lita moja ya maji, glavu zikiwa mikononi.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kupasha vitambaa joto: vifungwe kwenye plastiki nyeusi na kuwekwa juani, au vifungiwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Wanaotoa ushauri huo hawajakaa hapa Julai. Nilipokuwa nikitafuta rangi safi, baridi hiyo ilikuwa adui, na nilihangaika na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa mablanketi. Safari hii nilichanganya kijivu cha rangi tatu, nikakiminia amerikani iliyokunjwakunjwa na kubanwa kwa uzi, nikaiacha kwenye sakafu ya saruji, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani.

Nilipoikunjua, kijivu hakikuwa kimoja. Katikati ya kila kunjo palikuwa na uzito wenye wekundu wa mbali, pale fuksia ilipotua na kukaa. Kuelekea ukingoni wekundu ulififia ukawa udongo, udongo ukawa kijivu kitupu, na mwishoni kabisa palikuwa na mstari mwembamba wa ukijani, nyayo za feruzi iliyochelewa. Uzi ulipobana palibaki michirizi isiyo na rangi, imepishana sawasawa kwa upana usiozidi kidole.

Sikuwa na haja ya kulitafutia mahali. Lilikuwa bati.

Shuka zenye poliesta

Nusu ya vitambaa vyangu hununuliwa Gikomba kwenyewe, shuka nyeupe za mitumba ambazo zimefuliwa mara nyingi hadi zikawa laini na zenye kunywa rangi haraka. Kabla ya kulipa huchomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuchoma kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na kuacha shanga ngumu nyeusi. Shuka ikitoa shanga huirudisha, kwa sababu rangi hizi hazishiki poliesta hata kidogo, na shuka iliyochanganywa nusu kwa nusu hutoka beseni ikiwa imepauka.

Zipo chache ambazo zilinipita, nikazigundua nyumbani, zikawekwa kando kwa ajili ya kufutia meza. Moja nilikuwa nimeilaza chini ya kazi nyingine ili inywe rangi iliyomwagika, na ilipokuja kusuuzwa ilikuwa na rangi ileile ya kutu iliyokuwa juu yake, ila imefunikwa na ukungu mweupe ambao haukuondoka kwa maji wala sabuni. Nilipoisogeza karibu na jicho nikaelewa: nyuzi za pamba zilikuwa zimeiva, na katikati yake poliesta ilikuwa imebaki nyeupe, chembe kwa chembe. Hakuna kipimo cha maji kinachoweza kuleta hali hiyo kwenye pamba tupu. Ukipunguza rangi, unapata rangi nyepesi iliyo safi. Hapa palikuwa na kutu kamili, na juu yake kitu kingine kimetua.

Kitambaa hicho kina masharti yake. Pasi yenye moto wa pamba hukitia mng'ao mbaya, na ukiupunguza moto, karatasi ya gundi ninayotumia kugandisha vipande kabla ya kushona haishiki barabara, hivyo kila kipande hulazimika kubanwa kwa pini na kuzungushiwa mshono kabla ya kingine kuongezwa. Kazi inakwenda taratibu mno. Sasa ninazitafuta shuka hizo, na muuzaji wangu, ambaye kwa muda mrefu alinijua kama mteja wa kurudisha, ameshindwa kunielewa.

Kuondoa rangi kwa simu

Hofu ya kila anayefanya kazi na rangi zilizopoa ni tope. Vipande vya kahawia, kijivu na udongo vikiwekwa pamoja, vinaweza kugeuka doa moja ambalo jicho halina pa kulishika, na kwa muda fulani Gikomba ya pili, kwilti mpya niliyoanza kuishona kwa vitambaa hivyo, ilikuwa hivyo hasa. Nilikaribia kuifumua.

Kilichoniokoa ni zoezi ambalo wengi wetu hulijua na kulipuuza: kupiga picha kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe, ili ubaki na nuru na giza pekee. Nilianza na ile ya kwanza, iliyosifiwa. Mapaa ya feruzi na yale ya fuksia, ambayo ukutani yanapigana kwa kelele, kwenye simu yalikuwa kijivu kimoja. Soko zima lilikuwa sahani bapa. Kelele za rangi ndizo zilizokuwa zikifanya kazi ambayo mwanga ulipaswa kuifanya, na nilidhani nimeshona kina.

Ya pili nikaijenga kwa kuanzia huko. Kijivu kilekile nilikitia kwa ngazi, beseni la kwanza rangi ikiwa na nguvu zote, la pili nusu yake, la tatu nusu ya hiyo, kuendelea mpaka ikabaki kama maji yaliyosuuza kikombe. Maghorofa ya katikati ya jiji, yanayoonekana nyuma ya soko, yalipata ngazi za mwisho, kwa sababu Julai huyafuta nusu. Kivuli cha chini ya vibanda kilipata ya kwanza. Katikati ndipo palipokuwa na taabu, maana mapaa mengi hukaa hapo, na nilihamisha vipande ukutani, nikavipiga picha, nikavihamisha tena, mpaka familia yangu ikazoea kupita ukutani bila kuuliza.

Rangi kali haikufukuzwa kabisa. Kuna rundo la nguo mbele ya kibanda kimoja, na humo nimeweka kipande cha fuksia ileile isiyochanganywa na chochote, kidogo kuliko kiganja. Kwenye kwilti ya kwanza kisingeonekana.

Uzi

Kushonea tabaka tatu pamoja, yaani picha, pamba ya katikati na bitana, ni hatua ambayo wengine huiona ya kumalizia tu. Kwa mabati ndiyo hatua inayoyafanya mabati. Meno ya mashine hushushwa ili kitambaa kiendeshwe kwa mikono, kisha mistari hupitishwa sambamba, karibu karibu, na kati ya mstari na mstari pamba huinuka na kutupa kivuli chake yenyewe. Nilitumia uzi wa kijivu chepesi juu ya kutu nzito, jambo ambalo nisingelithubutu zamani kwa kuwa kila kosa la mkono huonekana. Mkono ukitetemeka, bati linakuwa limegongwa, na Gikomba hakuna bati ambalo halijagongwa.

Soko la machweo

Limebaki jambo la pesa, na sina jibu lake. Wanunuzi wa kwilti za picha hapa Nairobi, wageni na wenyeji, hutafuta machweo mekundu, mgunga mweusi mmoja, na pengine twiga pembeni. Siwadharau. Machweo ya Athi yanawaka kweli, na kutia rangi anga ya aina hiyo kutoka manjano hadi nyekundu bila kuonyesha mahali zinapokutana ni ufundi halisi. Lakini mtu akishazoea kwamba Afrika ya kitambaa ni lazima iwake, kwilti ya mabati chini ya mawingu humwonekea kazi isiyokamilika. Mama mmoja aliyekuja kununua aliitazama ya pili kwa adabu, akauliza kama ninaweza kumshonea ileile "lakini ikiwa na jua."

Nilimwonyesha ya kwanza. Aliipenda, akalipa bei niliyotaja bila kuteta, na paa la feruzi likaenda naye Kileleshwa. Fedha hizo zimenunua jora la amerikani, gunia dogo la magadi, na unga wa rangi tatu za msingi wa kutosha kwa msimu wote wa baridi. Oda mbili za machweo zinangoja kwenye meza, na nitazishona zote mbili. Kwenye sakafu ya saruji kuna beseni la kijivu kingine, kilichozidishiwa manjano kidogo, kwa sababu nataka kuona kama ninaweza kuupata ule udongo mwekundu wa kando ya barabara ukishakauka na kurushwa na magari juu ya majani ya miti.